Vidole Gumba Kwenye Shavu la Zimwi

Mshauri wangu, nisaidie, maana hata kwenye cherehani sikai tena na nguo za wateja zimelala, mama yangu wa kambo aliwahi kutengeneza filamu ya kutisha ya wanasesere wa udongo, zile ambazo mwanasesere anasogezwa kidogo anapigwa picha, anasogezwa tena, mpaka picha zikipitishwa haraka anatembea, na nilipokuwa na miaka tisa alituonyesha sebuleni, zimwi likatokea, shavu lake likawa linachezacheza kama lina kitu ndani, nikapiga mayowe mbele ya wageni wake kwamba huyu mwanamke mchawi, na tangu siku hiyo sikula chochote kilichotoka mikononi mwake, naye akafungia wanasesere sandukuni, hakutengeneza filamu nyingine.

Juzi binti yangu ameikuta ile filamu mtandaoni, kwenye simu, tukaitazama, nikamwambia simamisha hapo kwenye shavu, na mshauri, zilikuwa alama za vidole gumba, kila picha na alama zake, maelfu kwa maelfu, mtu mmoja peke yake mezani miaka mitatu, ndiyo maana shavu lilicheza, mimi ninayeishi kwa kazi ya mikono sijawahi kuona mikono ikifanya jambo kama lile, nikalia mpaka binti akasema mama vipi tena. Sasa mama yangu huyo wa kambo ni mzee, haoni vizuri, anakaa kwa mpwa wake, na kaka yangu anasema nisimtoneshe kidonda. Niende au ninyamaze?

Fundi mwenye aibu

Fundi, pole. Mtoto wa miaka tisa kuogopa zimwi si kosa. Lakini sasa wewe ni mama mzima, na bado unamtanguliza kaka yako akuogopee. Acha hizo. Hicho kidonda mama yako analala nacho kila siku, uende usiende.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama hapo penye vidole. Miaka mitatu! Mimi hata kumenya vitunguu nachoka.

Mpigie mpwa wake leo, sema Jumamosi unakuja. Usiende na hotuba, utamchosha. Omba radhi kwa maneno machache, kisha weka filamu, mkae kochi moja, umsimulie unachokiona. Zimwi likitokea usijikaze. Ogopa, akusikie. Alihangaika miaka yote ile ili mtu aogope, na nyumbani kwenu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba aliweza.