Michembe ya Mke wa Ngosha

Mpendwa Mama Odeta, shikamoo. Naomba msaada wako, ila jina langu usilichape, maana hapa Ilemela tunajuana. Mimi ni mwalimu wa madereva wa malori. Niliendesha lori la shirika la umma miaka kumi na tisa, hadi shirika lilipouzwa tukarudishwa nyumbani na barua ya shukrani, ndipo tajiri mmoja mwenye malori ya pamba akaniita nifundishe madereva wake kuendesha kwa usalama na kutumia dizeli kidogo, nami nikafundisha vizuri, upepo wa matairi, kubadili gia mapema, kutokanyaga mafuta kwa hasira, na zaidi ya yote kwamba mteremkoni gari libaki kwenye gia ili injini isaidie breki, na kila dereva akatia sahihi daftarini kwamba amelielewa hilo.

Kisha tajiri akatangaza kuwa kila mwezi dereva atakayebakiza dizeli nyingi atapata bati kumi, na mimi bati tano, nami nyumba yangu ilikuwa kuta tupu tangu nipunguzwe kazi, basi Mama, nikawachukua madereva pembeni mmoja mmoja, nikawaonyesha ujanja wetu wa zamani wa kutoa gia na kuliacha lori literemke lenyewe. Aliyeushika upesi kuliko wote ni Ngosha. Nyumba yangu sasa ina paa.

Mwezi uliopita Ngosha alikuwa anashuka mteremko wa kivuko cha Kigongo na marobota ya pamba, breki zikachemka zikakataa, gia nayo haikuingia tena, akaivamia foleni ya pantoni na kumuua mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki. Yuko mahabusu. Tajiri ameniandalia maelezo nitie sahihi, kwamba Ngosha alifundishwa akakaidi, na ushahidi ni lile daftari. Ngosha mwenyewe hajanitaja. Na juzi mkewe, Dorotea, alikuja kwangu na kapu la michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, akapiga magoti, akasema, "Shikamoo mwalimu. Mume wangu anasema wewe ndiye unayejua ukweli, hutamwacha." Nikaitikia marahaba, Mama, nikalipokea kapu. Nikisema kweli nitafungwa, na nina watoto watano. Nikitia sahihi, sijui nitamtazamaje yule mwanamke. Nifanye nini?

Mwalimu, Ilemela

Mwalimu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natafuta jina la yule mama muuza samaki. Hukuliandika. Nadhani hata hukuuliza.

Kupunguzwa kazi baada ya miaka kumi na tisa kunauma, najua, yalimkuta hata mume wangu. Na tajiri anayeshindanisha watu wazima kwa bati ana dhambi yake. Lakini si yeye aliyekaa kando ya Ngosha akamwonyesha jinsi ya kutoa gia. Ni wewe, na ulijua, kwa sababu darasani ulilikataza jambo lilelile. Mwalimu akisema hivi darasani na vile njiani, mwanafunzi hufuata la njiani. Leo unataka daftari likuokoe!

Usitie sahihi. Kwanza kabisa, leo hii, waite madereva waliobaki uwaambie ule ujanja ni kifo, maana wakati wewe unaniandikia, wapo wanaoteremka hivyohivyo. Kisha tafuta wakili, au paroko wako akusindikize, uende polisi ueleze yote, pamoja na bati. Huenda ukafungwa, sikudanganyi. Watoto wako watalia, lakini watalia chini ya paa, na unajua lilikotoka.

Kuhusu kapu la Dorotea: umeishi Usukumani, unajua chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Polisi wakikuachia, mpelekee kapu wewe mwenyewe, umwambie ulichokwenda kusema; hicho ndicho cha kutia ndani. Ukishindwa kwenda polisi, basi mrudishie michembe yake leo ampelekee mumewe. Yeye ndiye aliyeko ndani, na anakutunzia siri.