Yaliyotukuta Kwenye Chumba cha Gemu

Kangemi,
Nairobi.
Jumapili, 14 Juni 2009

Mpendwa kaka Were,

Pokea salamu zangu, na za shemeji yako Wahome. Huku baridi imeingia na mafua yanatuzungusha, lakini tunapumua. Mgongo wako umetulia? Huko Toronto unapata ugali, ama umeshausahau?

Ile diski ya Ubuntu uliyotutumia, ya kuendesha kompyuta badala ya Windows, ilifika baada ya Pasaka. Wahome aliiweka kwenye kompyuta zote tano za chumba chetu cha gemu na video. Gemu mbili zilikataa kabisa na wateja wakanung'unika, ila filamu zilicheza bila kukwama, na virusi vikaisha. Mwezi mzima hakuna kompyuta iliyozimika katikati ya mchezo.

Kumbe virusi vilikuwa vikiletwa na Mbithi, fundi yule yule aliyekuja kila Jumatatu kuvisafisha kwa malipo. Siku moja alisahau flash yake kwetu. Wahome akaifungua, akavikuta vimejaa humo. Akawaonyesha wenye saiba za intaneti za jirani, ambao pia aliwatengenezea kompyuta, nao wakamfukuza Mbithi.

Jumanne iliyopita, saa nane mchana, Mbithi alikuja na wanaume wawili, kila mmoja na kipande cha chuma mkononi. Wateja waliruka nje kupitia dirishani.

"Umeniharibia jina, Wahome. Leo utanijua!"

Walizipasua skrini. Wahome alipoinua mkono kuwazuia, Mbithi aliupiga hadi mfupa ukatokeza nje ya ngozi. Nilisikia ukivunjika, kaka. Nikanyakua stuli ya chuma, nikampiga nayo Mbithi kichwani. Akaanguka. Wenzake wakatoroka.

"Basi, mathe, basi," aliniomba akiwa sakafuni, ameinua viganja.

Nilimpiga tena. Halafu tena, usoni. Wahome ndiye aliyenishika kwa mkono wake mzima, akaniita jina langu mpaka nikasikia.

Sasa Wahome ametiwa vyuma mkononi. Vidole vitatu vinasonga, viwili bado. Kompyuta moja ilipona lakini hatujafungua. Mimi siwezi kuingia mle. Sakafu nimeiosha mara nne.

Mbithi amepoteza jicho la kushoto. Juzi nilienda hospitalini kumwona. Nilimkuta mamake akimpangusa shingo kwa kitambaa, taratibu, kama mtoto mchanga. Akageuka, akaniuliza, "Wewe ni nani, mama?"

Nikamwambia nimekosea wodi.

Msalimie sana wifi Millicent, na umbusu Becky kwa niaba ya shangazi yake. Mungu awalinde katika nchi ya watu, awape usingizi mtamu.

Polisi wameandika kwamba nilijitetea, na sokoni watu wananipongeza. Pigo la kwanza ni kweli. Hayo mengine mawili nimekuandikia wewe, maana Wahome hataki yatajwe na mimi siwezi kuyabeba peke yangu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Nakhumicha