Kazi Nimeipata, Shangazi

Mtaa wa Wattle 14,
Woodridge, Queensland.
18 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi Fusipala,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama huko kwetu visiwani, Kolomotuʻa, na goti lako limepata nafuu. Mwanao Tevita je, kile kifua chake kimetulia? Sisi huku tu wazima, ila tumechoka. Mkeka uliotutumia umefika. Baba ameukunja na kuuweka juu ya kabati, anasema ni wa harusi ya Anaseini, na huyo mwanangu bado ana meno ya utoto.

Kaka yako anaendelea kusafishwa damu hospitalini. Akirudi hulala kama gogo. Mume wangu Sitiveni yuko zamu za usiku ghalani, kwa hiyo kumpeleka na kumrudisha ni juu yangu. Najua kwenye simu Baba anakwambia hana neno. Usimwambie nimekuandikia hivi.

Sasa habari ya kazi. Unajua nilipunguzwa kule kwenye kampuni ya bima, nilikokuwa nakagua programu za kompyuta. Niliomba kazi kila mahali. Wengine hawakujibu, wengine walinifikisha hadi usaili wa mwisho kisha wakamchukua mtu mwingine. Ikawa simu ikilia, sina hamu hata ya kuitazama.

Aliyeniinua ni Roshila, yule Mhindi wa Fiji niliyefanya naye kazi zamani, aliyekuletea maandazi ulipokuja kututembelea. Yeye alishahamia kampuni ya kusafirisha mizigo, anaongoza kundi la mafundi wa kompyuta. Alinipigia akasema kwao wanatafuta meneja wa programu za kiufundi. Uliuliza hiyo ni kazi gani. Makundi ya mafundi ni mengi, kila kundi linatengeneza kipande chake. Meneja haundi kipande chochote. Kazi yake ni kuhakikisha vipande vinakutana kwa wakati, na kujua mapema nani atachelewa, hata kama mwenyewe anaapa hatachelewa.

Kila Jumamosi Roshila alikuja kunisaili kwa mazoezi jikoni kwangu, huku nikimenya magimbi. Hakunionea huruma.

“Dada, umesema ‘tulifanya, tulifanya.’ Wewe ulifanya nini?”

Shangazi, wewe ndiye uliyetulea. Unajua kwetu mtu anayesema “mimi, mimi” huonekana hakufunzwa kwao. Nikajikuta nimesema ‘tulifanya’ tena. Baba alikuwa kwenye kiti chake, akacheka mpaka akakohoa. “Huyu hata siku ya mazishi yake atasema ‘tumekufa.’”

Usaili wenyewe ulikuwa wa siku nzima, mtu mmoja akitoka anaingia mwingine. Wa mwisho aliniuliza kazi ikiharibika lawama ni ya nani. Nikamjibu ni yangu, kwa sababu nilipaswa kuona kabla yao. Hakuandika kitu. Nilirudi nyumbani nikijua kazi nimeikosa.

Simu ya kuniambia nimeipata ilinikuta hospitalini namsubiri Baba. Nilidhani nitalia kwa furaha. Badala yake nililala palepale kitini, muuguzi akaja kuniamsha akidhani mimi ndiye mgonjwa.

Lakini Shangazi, sikiliza. Wiki ya kwanza bosi alinikabidhi kazi ya kuhamishia kumbukumbu za mizigo yote kwenye mfumo mpya wa kompyuta kabla ya Krismasi. Mfumo wa zamani ukizimwa, kundi linaloutunza halitahitajika tena. Kundi hilo ni la Roshila.

Nilimfuata kwenye maegesho ya magari. Nikamuuliza kama alijua.

“Nilijua tangu Machi.”

“Na bado ukanifundisha?”

“Lazima angekuja mtu kutuzima,” akasema. “Nilitaka awe mtu atakayetuambia usoni.”

Nilimshika mkono tukasimama pale kama watu waliofiwa.

Bosi alitaka wenzake Roshila waambiwe Desemba, wasije wakaacha kazi njiani. Nilimwambia watu wenye watoto na kodi ya nyumba hawawezi kufichwa jambo kama hilo, na wakiondoka mapema nitatafuta namna nyingine. Alikataa. Nikamrudia, nikamrudia tena, mpaka akachoka na mimi, akakubali.

Alhamisi niliwaambia mwenyewe. Hakuna aliyepiga kelele. Kijana mmoja, Callum, ambaye mkewe ni mjamzito, aliniuliza, “Na wewe unabaki?”

Nikasema ndiyo, nabaki. Alitikisa kichwa akatoka. Tangu siku hiyo hanisalimii, na simlaumu.

Kwa hiyo usiniwekee nafasi ya kulala Krismasi hii, Shangazi. Najua nilikuahidi. Siku watakapofungasha vitu vyao nataka niwepo mlangoni, hata kama hawatanitazama.

Nisalimie Tevita na mkewe Mafi, na mama Palu wa kanisani. Anaseini anakubusu mikono yote miwili. Mungu akulinde, akuongezee usingizi mtamu, na sisi atubakizie kidogo.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye daima,
Kalolaine