Nani Ameanza Wimbo

Jumatatu, 11 Agosti 1975. Nanyuki.
Leo miaka kumi na tisa tangu nitoke Kiganjo. Ilikuwa Jumamosi. Ni saa moja tu kwa gari, kupitia Naro Moru na Chaka, nami sijakanyaga huko hata kumzika mama. Mlima ninaouona mlangoni ni ule ule. Upande si ule.

Barua ya Gatimu imefika. Nilimfundisha kuhubiri akiwa na miaka ishirini; sasa ni mwenyekiti wa ushirika wa waliookoka. Ushirika unatimiza miaka ishirini na mitano Jumapili hii, na wananitaka nyumbani. Sharti ni moja: nisimame mbele ya watu nikiri kwamba maswali niliyouliza mwaka wa 56 yalitoka kwa Shetani. Ameniandikia na maneno ya kusema. Mistari sita! Alikosea koma moja. Nimeisahihisha kwa wino mwekundu — mazoea.

Atakuja Alhamisi kuchukua jibu langu.

Jumanne, 12 Agosti.
Nimemsomea Garad ile barua. Ni mfanyabiashara wa ng'ombe, jirani yangu. Mimi humwandikia barua zake pale karibu na posta. Alicheka mpaka akashika ukuta.

— Mzee, hii watu inataka kununua wewe! Na hawajakuangalia meno.

Kisha akawa makini. Akasema wao sokoni hufunika mikono kwa shuka na kupatana bei kwa vidole. Lakini mnunuzi anajua mkono uko pale chini. "Nyinyi je?"

Sisi tulificha hata kwamba kuna mkono.

Niandike basi tulivyofanya, maana sijawahi kuandika. Kila mkutano ulikuwa hivi: nilihubiri mpaka watu wakachoka. Nikanyamaza, nikihesabu moyoni hadi kumi. Nikamtaja mama wa mtu, aliyekufa. Kisha nikafunga Biblia, kidole kimebaki ndani. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara. Wacera, mwimbaji wetu, aliyekaa nyuma karibu na mlango, alianza wimbo polepole, kama umetoka hewani. Watu wakasema Roho ameshuka. Labda alishuka! Sijasema hayuko. Ninalojua ni nani aliyefunga Biblia.

Julai 56, kijijini, wakati wa Emajensi, serikali ya wakoloni ilipowasaka wapigania uhuru, aliyesimama akilia alikuwa Kihara, mume wa dada yangu Watiri. Alitubu kwamba alikula kiapo chao. Akataja na wenzake wanne. Maaskari walikuwa mlangoni. Niliwaona kabla sijafunga Biblia. Nikaifunga.

Asubuhi lori lilikuja. Kihara hakurudi.

Baada ya majuma mawili nilisimama mahali pale pale nikawaambia watu: kabla hujalia, uliza nani ameanza wimbo. Wakanitenga siku hiyo hiyo. Lakini Kihara sikumtaja. Watiri hajui hadi leo.

Alhamisi, 14 Agosti.
Wamekuja. Peugeot ya kukodi, Gatimu, ndugu wawili waliovaa tai — na Watiri! Sijamwona kwa miaka saba. Anatembea na fimbo. Ameleta nduma, magimbi ya kwetu, zilizochemshwa, zimefungwa kwa majani ya mgomba, kutoka kwenye kijito cha mama. Nilikula mbili. Kwanza chakula cha nyumbani, kisha neno: hilo nalo niliwafundisha mimi.

— Mwalimu, umekonda, Gatimu akasema. Kwani Nanyuki hawakupi chakula?

— Wananipa. Ila hawanipi na mahubiri.

Watiri akacheka. Gatimu hakucheka. Akaniambia ni dakika tatu tu, niseme ile mistari, halafu mbuzi wachinjwe. Kuuliza si dhambi, akasema. Dhambi ni kufanya wengine waulize.

— Nani alikwambia? Imeandikwa wapi?

— Ni wewe ulinifundisha nisijibu hiyo swali, Mwalimu.

Ni mjanja. Nilijivunia kidogo, Mungu anisamehe.

Akafungua Biblia akasoma. Akanyamaza. Nikahesabu naye. Kwenye kumi akasema: "Mama yako alikufa akiita jina lako." Akafunga Biblia, kidole kimebaki ndani. Na Watiri akaanza kuimba.

Watiri!

Miguu ilisimama kabla yangu. Naandika ukweli: nilikuwa nimesimama, macho yamejaa, na wale wawili wameshasema Bwana asifiwe. Ndipo nikakiona kile kidole. Nikacheka kwa sauti.

— Gatimu, toa kidole.

Wimbo ukakatika. Watiri alikitazama kile kidole. Alikitazama muda mrefu.

Gatimu akavaa kofia. Watarudi Jumamosi. Watiri atabaki, "muongee kama watoto wa tumbo moja." Hiyo nayo naijua.

Ijumaa, 15 Agosti.
Watiri amefagia, amepika, amefua shati langu jeupe la Jumapili.

Ningeweza kumgeuza. Najua jinsi. Amechoka, ni dada yangu, ana miaka sitini na nne. Kimya kidogo, jina la mama, jina la Kihara, na kabla chai haijapoa angekuwa upande wangu. Sitaki. Akiuliza nitajibu. Asipouliza nitanyamaza.

Na nikinyamaza, je, ni heshima au ni woga? Miaka kumi na tisa sijui.

Jumamosi, 16 Agosti.
Ameuliza. Alikuwa anapiga shati pasi ya makaa, mgongo kwangu.

— Kaka, mama hakuita mtu. Wiki ya mwisho alikuwa hawezi kuongea. Mimi ndiye nilikuwa namlisha.

Nikasema nimesikia.

— Gatimu aliniambia akifunga Biblia nianze. Hiyo maneno alitoa wapi?

— Kwangu.

Pasi ikaenda, ikarudi.

— Siku ya Kihara, Wacera alikuwa amekaa karibu na mlango.

— Ndiyo.

— Na Biblia?

— Niliifunga mimi. Maaskari walikuwa nje. Niliwaona.

Pasi ilikaa kwenye ukosi mpaka ikanuka. Ndipo akaiinua. Hakulia. Nilitaka alie — ningejua la kufanya.

— Kila asubuhi nashukuru Mungu kwa hiyo siku, akasema. Ati angalau Roho alimfikia kabla ya lori. Sasa nishukuru nani?

Nilikuwa na majibu matatu, yote mazuri, yote ya kuhubiriwa. Sikumpa hata moja. Nilimwambia sijui. Na nikamwambia pole, neno ambalo halijazi hata kijiko.

Akatoka na kiti.

Saa nne. Peugeot iko nje, inapiga honi. Naandika kwa haraka. Namsikia Garad langoni akimwambia Gatimu mzee ana kazi ya kuandika, na ng'ombe aliyekataa kupanda lori hasukumwi na honi. Gatimu anauliza kwani huyu Mwislamu anaingilia nini. Garad anasema hata yeye anashangaa.

Kupitia dirishani namwona Watiri. Amefunga kitambaa kichwani, fimbo iko magotini. Biblia yake imefungwa, mikono yote miwili iko juu yake. Gatimu amechuchumaa mbele yake, anasema naye kwa upole sana. Ile sauti naijua; ni yangu.

Sijui kama atapanda gari. Anaweza kupanda. Anaweza kukataa kuniona tena, na atakuwa na haki.

Sasa amemwinulia Gatimu uso. Anamuuliza kitu. Sisikii nini. Gatimu amesimama, anatazama mlango wangu.

Nimevaa shati. Lina alama ya pasi, kahawia, hapa shingoni. Natoka kuwaambia ana kwa ana, na wakitaka watapewa na karatasi yao, koma imesahihishwa.

Mimi sirudi.