Mitalawanda Mikavu Siku ya Mvua

Wete, Jumatatu, Novemba 1946. Mvua tangu alfajiri.

Mvua ya leo si ya kuchezewa. Imeanza kabla ya adhana ya alfajiri, na sasa Magharibi imeshapita na bado bati la jikoni linapigwa. Njia ya kutoka kwangu kwenda kwa Dada Zuhura imekuwa tope tupu, la kuzamisha kifundo cha mguu. Mke wangu aliniambia nisiende leo, nani atatoka na mvua hii? Nikamjibu kwamba mayatima wangu hawaogopi mvua. Nilisema hivyo kwa kujidai kabisa, nikafungua mwavuli nikatoka.

Nimesalitiwa.

Neno hili nimeliandika mara moja nikalikata. Sasa nimeliandika tena na naliacha. Chai imepoa hapa mbele yangu na sina hamu nayo.

Wacha niende taratibu, maana nikiandika kwa hasira nitasahau nusu, na haya sitaki kuyasahau.

Darasa la wasichana mayatima nililianzisha mimi, baada ya kubembeleza watu mpaka ulimi ukaota sugu. Asubuhi nafundisha wavulana skuli. Baada ya Adhuhuri nasimamia mahudhurio ya wasichana hawa, ambao hawana baba wala mama wa kuwasemea. Nasema nasimamia, sisemi nafundisha, kwa sababu siwaoni. Walezi wao walikubali kwa sharti moja: mwanamume asitie mguu ndani, wala asiite jina la msichana mlangoni. Niliapa mbele yao. Kwa hiyo wao husoma ukumbini kwa Dada Zuhura, pazia limeshushwa, na mimi hukaa nje barazani.

Dada Zuhura ndiye mwalimu wao. Sikuzaliwa naye tumbo moja, lakini tumenyonya ziwa moja. Mama yangu aliponizaa alishikwa na homa, na mama yake Zuhura akaninyonyesha pamoja naye mpaka mama akapona. Herufi nilimfundisha mimi tukiwa wadogo, nikirudi skuli nikimchorea kwa mkaa ukutani, na alizishika upesi kuliko nilivyozishika mimi. Nilipotafuta mwanamke wa kufundisha, sikuhangaika. Nilimtazama yeye tu.

Sasa utasimamiaje mahudhurio ya watu usiowaona? Hapo ndipo nilipojiona nina akili.

Nilimwendea fundi akachonga mitalawanda, viatu vya mti, jozi moja kwa kila msichana, maana wengi wao walikuwa wakitembea pekupeku. Kila msichana akachagua alama yake, na fundi akaichoma kwa chuma cha moto juu ya ule mti. Mmoja alitaka nyota, mwingine jani, mwingine mwezi. Wanapoingia huivua na kuipanga kizingitini. Mimi nikifika nainama, naisoma: nyota yupo, jani yupo, mwezi yupo. Sikuvunja kiapo, na mahudhurio nayajua. Nilijisifu kwa jambo hili kila mahali, hata kwa watu ambao hawakuniuliza.

Alama ya samaki ni ya Mize.

Huyu nilimfuata mwenyewe Kojani. Wazazi wake walikufa kwa ugonjwa, akabaki na bibi yake, Bi Mwanaisha, ambaye alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, “Mwalimu, nilobakishiwa ni huyu. Ukinipotezea sikushitaki kwa sheha. Nakushitaki kwa Mungu.” Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Mize atalala kwa dada yangu, atakula na watoto wa dada yangu, na atarudi akijua kusoma na kuandika. Nilimwambia hivyo nikiwa na hakika kabisa.

Leo nimefika kwa Dada Zuhura nimerowa hadi magotini, ingawa nilikuwa na mwavuli. Mitalawanda imepangwa kizingitini kama kawaida. Nyota, jani, mwezi, samaki, wote wapo. Ndani sauti zinapanda, ba be bi bo bu, tena kwa nguvu. Moyo wangu ukafurahi. Nikasema, tazama, mvua yote hii na hakuna hata mmoja aliyekosa.

Nikainama nivue viatu vyangu vyenye tope. Ndipo macho yangu yakarudi kwenye ile mitalawanda.

Ilikuwa mikavu.

Haikuwa na tope, haikuwa na tone la maji. Ukimtoa Mize anayelala hapa, ni wasichana wanaotoka pande zote za mji, mvua tangu alfajiri, na mti mkavu kama umetolewa kabatini. Nikaigeuza mmoja mmoja. Chini yake haikuwa imelika ila kidogo. Ule wa Mize bado ulikuwa na mikwaruzo ya patasi ya fundi.

Nilibaki nimechutama pale. Akili ilikuwa imeshaelewa lakini mimi nilikuwa nakataa. Nilijiambia labda wamekuja tangu jana, labda wamelala hapa. Mtu akitaka kudanganywa hujisaidia mwenyewe.

Kisha wakaja.

Walikuwa wanatoka njia ya shamba, wamejifunika magunia kichwani kwa ajili ya mvua, pekupeku, mapakacha ya karafuu migongoni. Walipelekwa shamba hivyo hivyo, mpaka mvua ikawashinda mitini. Mkarafuu ukirowa hauparamiki. Waliponiona wakasimama wote, halafu wakakimbilia mlango wa uani. Amebaki mmoja njiani. Sikumtambua mara moja kuwa ni Mize, maana amekonda. Vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa kuchambua karafuu kutoka kwenye makonyo yake, na harufu ya karafuu ilinifikia kabla yake.

“Shikamoo, mwalimu,” akasema.

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda, kwa nini hayuko darasani. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

“Si weye ulosema?”

“Nilisema nini?”

“Bi Zuhura kanambia weye wajua. Kanambia weye ndo ulotaka tuchume kwanza, skuli baadae. Mie n'kajua ushatuchoka.”

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema. Sikuongeza kitu.

Alikuwa anaamini kwamba nimemuuza, na bado akaniamkia kwa adabu.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia hapana mara ya pili, na sidhani kama alinisadiki. Kwa nini anisadiki? Siku nyingi nimekaa pale barazani naye akienda shamba kwa mlango wa nyuma, anasikia nakohoa, anasikia nazungumza na muuza kahawa. Mtu mzima amekaa mlangoni na anadai hajui kinachopita nyuma ya nyumba.

Nilibisha hodi nikamwita dada yangu. Akaja nyuma ya pazia, kisha akalisogeza mwenyewe, maana mimi na yeye hatufichani. Ndani niliona watoto watatu wadogo mno kupanda mti, wameshika ubao. Hao ndio walionisomea ba be bi bo bu kwa sauti ya darasa zima, na mimi nikawasifu kila siku kwa bidii yao.

Nilidhani atakana. Afadhali angekana.

“Ushajua,” akasema. “Basi kaa kitako, nguo zako zarowa maji.”

Nikamwambia sikai. Akanieleza kwa utulivu, utadhani ananipa bei ya ndizi. Mumewe, Bwana Nassor, alimwambia mwanzoni mwa msimu: karafuu mwaka huu zimekubali, wachumaji hawatoshi, na humu ndani mna mikono inashika chaki. Ama wasichana wachume, ama darasa litoke nyumbani kwake. Walezi walipoulizwa hawakuleta ubishi, kila mmoja ana chake anachopata. Yeye akachagua wachume.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekwambia ungefanyaje, Seif? Ungepiga kelele, ungegombana na shemejiyo, ungelifunga darasa siku ile ile. Miye nimelilinda darasa lako.”

“Umelilinda darasa lisilo na watoto.”

“Msimu utakwisha, watarudi. Na wiki ijayo akija yule bibi mkaguzi wa skuli kutoka Unguja, wote watakuwapo, wameoga, wametiwa mafuta. Ataona, ataandika, utapata chumba chako na mwalimu wa mshahara. Weye nyamaza tu.”

Hapo ndipo penye mtego, na dada yangu anaujua vizuri. Mkaguzi ni mwanamke, ataingia ndani, atahesabu vichwa badala ya viatu. Akiridhika, darasa litapata chumba chake lenyewe, mbali na mashamba ya watu. Nikinyamaza siku ile moja tu, nitapata nilichokiomba muda wote huu. Nikisema, hatakuwa na sababu ya kutupa chochote, na wasichana watachuma mchana kweupe bila hata kujificha.

Nikamuuliza lile lililoniuma zaidi. Kwa nini alimwambia Mize kwamba mimi ndiye niliyetaka?

Akainamisha uso kwa mara ya kwanza.

“Yule mkaidi. Wenzake walikwenda, yeye akashikilia mguu wa kitanda, akasema haendi mpaka mwalimu aseme. Nikamwambia mwalimu kasema.”

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimewahi kuwafundisha wavulana methali hii, nikawaeleza maana yake kwa mifano mingi, na mifano yote ilikuwa ya watu wengine.

La shamba ningelisamehe, nadhani. Bwana Nassor ana mashamba, na mwenye shamba huwaza shamba. Hata uongo wa mitalawanda ningeucheka siku moja, uzeeni. Lakini mtoto alikataa kwa ajili yangu. Aliamini neno langu kuliko la mtu aliyempa chakula. Na neno langu hilo hilo likachukuliwa likatumika kumtoa.

Nilipokuwa narudi, wazee waliojikinga mvua mlangoni mwa duka waliniita kama wanavyoniita siku zote, “Mwalimu Mitalawanda!” Jina hilo nilikuwa nalipenda. Nilidhani wananipongeza kwa ubunifu wangu. Leo nimewatazama usoni, mmoja mmoja, nikaona kumbe mji mzima ulijua. Muuza kahawa alijua. Fundi aliyechonga alijua. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nainama pale kizingitini kila mchana, nasema yupo, yupo, yupo.

Nimewachukia wote kuanzia dukani mpaka msikitini. Baada ya msikiti nikaanza kujichukia mwenyewe, kwa sababu nilipenda sana ule ujanja wangu. Ningeweza kumwomba mke wangu aingie ndani mara moja kwa wiki akawatazame watoto. Hakuna kiapo kilichomkataza. Sikumwomba, maana mitalawanda ilinitosha.

Sijasema bado jambo moja.

Kabla sijaondoka, mvua ilikuwa imezidi na njia imejaa miiba iliyosombwa na maji. Mize alikuwa bado amesimama chini ya upenu, akingoja kuambiwa aende wapi. Nikachukua ile jozi yenye samaki nikamwekea miguuni. Nikamwambia avae.

Akairudisha nyuma kwa kidole cha mguu, polepole.

“Si yangu, mwalimu. Ya darasani.”

Nikamwambia ni yake. Akatikisa kichwa. Akasema ile wamepewa wanaosoma, na yeye hasomi. Hakuyasema kwa kunisuta. Angenisuta ningepata nafuu.

Basi nikamuuliza anataka nini. Swali ambalo, sasa naona, hakuna aliyemuuliza, si bibi yake, si dada yangu, wala mimi nilipokwenda Kojani na maneno yangu mazuri. Alifikiri kidogo. Akasema anataka kujua namna ya kuandika jina la bibi yake, Mwanaisha. Walifika Mwana, msimu ukaanza.

Leo amelala hapa kwangu, na mke wangu. Dada Zuhura hakuzuia. Alisimama mlangoni akatutazama tukiondoka, akaniita “Seif” mara moja, na sikugeuka. Sijui lini nitageuka. Maziwa tuliyonyonya hayatapikiki, dada ni dada, lakini leo siwezi, na sitaki kujilazimisha niseme naweza.

Ile jozi nimeibeba. Iko hapa chini ya meza, kavu bado, maana niliitia ndani ya koti.

Nimeamua. Kesho, mvua ikatike isikatike, nakwenda Kojani na Mize. Nitamwambia Bi Mwanaisha kwa kinywa changu yaliyompata mjukuu wake chini ya ulinzi wangu, kabla hajayasikia kwa watu. Akitaka kunishitaki kwa Mungu, na anishitaki, nina la kujibu na nina la kunyamazia. Akinirudishia mtoto, mkaguzi akija nitamwambia kweli yote, halafu nitamwonyesha mwanafunzi mmoja, anayesoma hapa jikoni kwetu na mke wangu akiwa mlinzi. Atanicheka. Mji mzima utanicheka, wameshazoea.

Na asiponirudishia?

Sina haki ya kumlaumu. Nitarudi na jozi yangu mkononi.

Ila mashua za Kojani hazitoki mapema siku za mvua. Kuna muda mrefu wa kungoja pwani, na mchanga umerowa vizuri. Nimebakiwa na herufi nne za kumfundisha.