Kaseti ya Marehemu Babu

Jagoda, Mjomba Vojin kaumbuka mbele ya ukoo mzima!

Leo Bibi Desanka katimiza miaka tisini. Senka, binti wa mjomba, kaja na zawadi: ile kaseti ya marehemu babu akiimba. Kaikuta darini kwao. Glasi za pombe ya rakija mkononi, leso tayari, kaseti ikawashwa.

Kriiiiiii! Kama msumeno unakata bati!

Senka akakimbilia kupunguza sauti. Mjomba akaruka kitini:

"Usiguse sauti! Mchezo hautaingia kwenye kompyuta!"

Mchezo! Kasema MCHEZO! Kwa mdomo wake!

Unakumbuka redio ilivyokuwa ikirusha michezo ya kompyuta hewani kwa milio kama hiyo, watu wakairekodi kwenye kaseti na kuichezesha kwenye kompyuta? Basi huyu, mwaka 1985, alikosa kaseti tupu, akamfuta baba yake. Halafu miaka arobaini anatuambia kaseti ilipotea, tena na machozi juu!

"Mama, nilikuwa na miaka kumi na minne tu..."

Bibi akamnyamazisha kwa mkono. Kafumba macho, kausikiliza ule mlio mpaka ukaisha wenyewe.

"Mwacheni," akasema. "Marehemu hakuwahi kuimba vizuri hivi."