Shokapu ya Kona ya Mashariki

Mogitu, Jumatano usiku

Eti mashine yangu imechoka. Aliyechoka ni yeye.

Leo tumelitikisa kwa mashine jengo jipya la wodi ya wazazi ili kupima zile shokapu kubwa za kwenye nguzo, zinazotakiwa kulituliza jengo siku ardhi ikitetemeka. Kona tatu zilitulia mara tu mashine ilipozimwa. Kona ya mashariki iliendelea kucheza. Nikarudia kipimo, ikawa vilevile. Shokapu ya pale imekufa, mafuta yamevuja hadi sakafuni.

Nikampelekea bosi wa mradi grafu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akaniambia mbele ya wageni, "Kijana, mashine yako imechoka. Futeni hayo mafuta, pigeni rangi."

Ningembishia vipi mtu mzima niliyetoka kumwamkia, watu wote wakitutazama? Nikakunja grafu yangu.

Jioni rangi ilikuwa imeshakauka. Shokapu iliyokufa inang'aa kuliko zile tatu nzima.

Nesi Paulina akaja na mashuka, akaanza kupanga vitanda kona ileile. Nikamuuliza kwa nini pale.

"Si unajua baridi ya huku? Jua la asubuhi linaanzia hapa. Wenye watoto wachanga tutawalaza upande huu." Akaipapasa ile shokapu, akatabasamu. "Na hii naona mmetuwekea mpya kabisa."

Nikamsaidia kusukuma kitanda cha mwisho.